Kifurushi cha Theluji ya Kwanza

Haya, nikutegee. Nina mgeni: akija habishi hodi, akikaa halali ndani bali juu ya nyumba, akiondoka hulia mpaka anakwisha mwenyewe. Nani huyo? Fikiri kidogo. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Srinagar? Haya, nimekwenda Srinagar, nimekunywa chai yao, nimerudi na shali begani: mgeni huyo ni theluji.

Mwaka ninaousimulia mgeni aliingia mapema, kabla watu hawajamaliza kukausha maboga. Asubuhi Zarifa, mkamwana wa mzee Khazir Ganai, alifungua dirisha la jikoni akakuta ua wote mweupe, na juu ya ukuta ndege mmoja mwenye kishungi amejifutua kama donge la sufi. Akacheka peke yake. Hakuwa amecheka siku nyingi.

Siku ya theluji ya kwanza sisi tuna mchezo wetu. Unafunga theluji kidogo kwenye karatasi, unampelekea mtu, unamwambia, "Chukua, umeletewa." Akiipokea, amenaswa, na atakulipa utakachotaka, aghalabu watu hutaka kuku. Akikugundua kabla hajashika, wewe ndiye unayelipa. Kwa hiyo siku hiyo kijiji kizima hakuna anayepokea kitu mkononi. Hata mwokaji akikupa mkate, unamwambia auweke chini kwanza uutazame.

Zarifa alichota theluji, akaikaza kwa viganja, akaifunga kwenye gazeti kuukuu na kuizungushia uzi mwekundu. Mama mkwe wake, Taja, alikuwa amechutama mekoni akitia makaa kwenye kangri, kile kikapu chenye chungu cha moto ambacho kila mtu hukikumbatia ndani ya joho lake wakati wa baridi. Taja hakuwa mtu wa kunaswa. Tangu aolewe katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumnasa, na wengi walijaribu. Zarifa alilijua hilo, ndiyo maana aliyachagua maneno.

"Mama," alisema, "Sula Wani wa dukani amepita. Amesema kifurushi hiki kimetoka Kalkata. Kutoka kwa Manzur."

Taja aliyatupa makaa. Hakuinuka, aliruka. Alikidaka kile kifurushi kwa mikono miwili, akakibana kifuani, kisha akaanza kuung'ata uzi kwa meno kama mtoto. Gazeti likapasuka, theluji ikamwagikia magotini pake.

"Theluji mpya, heri!" Zarifa akapiga makofi. "Nimekunasa, Mama! Nimekunasa!"

Mzee Khazir, aliyekuwa amekaa dirishani na hukka yake, kile kiko cha maji, alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi. "Wewe, Taja! Wewe wa kunaswa! Siku hii niandikieni ukutani!"

Taja hakucheka. Bado alikuwa akipapasa ndani ya karatasi iliyolowa, huku na huku, kama mtu anayetafuta sarafu iliyoponyoka kwenye pindo. Zarifa akaacha kupiga makofi.

Manzur, mwana wao na mume wa Zarifa, alikuwa ameondoka na robota la shali baada ya matufaha kuvunwa, kama wanaume wengi wa kijiji wanavyofanya baridi ikikaribia. Simu ilikuwa moja tu kijiji kizima, dukani kwa Sula Wani, na kila Ijumaa baada ya sala Taja alikwenda kuingojea. Mke kijana hakai dukani katikati ya wanaume, kwa hiyo Zarifa alibaki na ng'ombe, akangoja salamu. Na salamu zilikuja. Manzur anakusalimu sana. Manzur anauliza kama kikohozi chako kimepona. Manzur anasema usifue mtoni asubuhi, mikono itakupasuka, chemsha maji hata kama kuni ni haba.

Zilikuwa salamu nzuri mno. Zarifa alikaa na Manzur mwaka mzima, na hakuwahi kumsikia akiuliza habari za kikohozi cha mtu. Na sasa akawaza: mtu aliyeongea na mwanawe Ijumaa, hadaki kifurushi namna ile Jumatatu.

"Haya, sema unataka nini," Taja alisema akijikung'uta. "Kuku? Mchukue yule jogoo mweusi, ananiudhi."

"Sitaki kuku."

"Kitambaa cha Idi basi."

"Sitaki kitambaa, Mama. Nataka uniambie Manzur anasemaje."

"Si nakwambia kila Ijumaa?"

"Unaniambia salamu. Mimi nataka maneno yake. Anarudi lini? Anarudi?"

Taja alikunjakunja lile gazeti. "Hayo si malipo. Theluji hulipwa kwa chakula."

"Theluji hulipwa kwa atakacho aliyenasa," mzee Khazir aliingilia. "Usipinde sheria za watu. Mlipe mtoto."

"Nitamlipa. Nimesema silipi? Theluji ndiyo kwanza imeingia." Taja akageukia meko. "Sasa niacheni, maziwa yatafurika."

Hakukuwa na maziwa mekoni.

*

Kabla barabara haijafungwa kabisa, alikuja Hilal, kaka yake Zarifa, akitokea bondeni. Alipewa chai ya chumvi na mkate, akanywa bila haraka huku akingoja Taja atoke chumbani. Taja alipokwenda kuleta lozi, Hilal akasogea.

"Dada, watu wa kwetu walioko Kalkata wameleta habari. Hakuna aliyemwona shemeji."

"Kalkata ni kubwa."

"Ni kubwa, ndiyo. Lakini watu wetu wanalala mtaa mmoja. Wengine wanasema alihamia mji mwingine. Wengine wanasema... basi."

"Wanasema nini?"

"Nimesema basi."

"Anapiga simu kila Ijumaa, Hilal."

"Umemsikia kwa sikio lako?"

Zarifa alishika kikombe chake kwa viganja vyote viwili, akakitazama.

"Nisikilize," Hilal alisema. "Zile siku arobaini za baridi kuu zikiisha na barabara ikifunguliwa, nakuja kukuchukua. Mama ndiye aliyenituma. Kama mumeo ana neno la kukuzuia, uwe nalo mdomoni siku hiyo. Na kama huna, unafunga nguo zako. Huwezi kuzeeka hapa ukizoa kinyesi cha ng'ombe wa mtu ambaye hata hajulikani aliko."

Taja alikuwa nyuma ya mlango na sahani ya lozi. Alisimama pale kwa muda, kisha akaingia kwa kishindo, kama mtu aliyefika sasa hivi.

"Kula, mwanangu. Balaa lako lote nilibebe mimi. Mbona umekonda hivyo? Kula lozi."

"Nimeshiba, mama."

"Nani hushiba kwa lozi? Kula!" Akamjazia mfukoni.

Ijumaa iliyofuata Taja alirudi kutoka dukani amechelewa, viatu vimelowa, midomo imemkauka kwa baridi. Alikaa chini kabla ya kusema. "Manzur anakusalimu. Anasema atarudi milozi ikichanua."

Zarifa alikuwa anamenya figili. Kisu kikasimama. "Alisema hivyo? Milozi?"

"Alisema hivyo."

"Kwa mdomo wake?"

"Sasa unanihoji kama polisi."

"Siulizi kwa ubaya, Mama. Nauliza tu: hilo ndilo malipo ya theluji?"

Taja alivua viatu vilivyolowa. Alinyoosha miguu kuelekea motoni. Salamu ni salamu, mtu huzipamba apendavyo, lakini deni la theluji ya kwanza hulipwa kwa kitu halisi; hata walevi wa mjini hulilipa.

"Hapana," alisema mwishowe. "Hizo ni salamu tu. Malipo bado."

Zarifa akaendelea kumenya figili. Usiku ule hakupata usingizi, na kupitia ukuta wa udongo alimsikia Taja naye akigeukageuka.

*

Halafu, zile siku arobaini zikielekea kwisha, ikaja theluji kubwa. Ilianguka mchana kutwa na usiku kucha, ikapumzika kidogo kama mtu anayevuta pumzi, ikaanguka tena. Ukuta wa ua ulizama. Mlango wa chini, anakolala ng'ombe, ulilazimika kufukuliwa kila asubuhi, na kila asubuhi Zarifa aliufukua, akatoboa njia hadi kwenye mtaro, na alipogeuka nyuma njia ilikuwa imejaa. Jirani yao Rahti, mjane mwenye sauti kubwa, alipoteza banda lake: lilibonyea na kuku wake wote wakiwa ndani.

Asubuhi mbingu ilipotakata kidogo, nguzo kuu ya nyumba ya Khazir ililia. Ilitoa mlio mmoja mkavu, kama mtu anayevunja mfupa ili anyonye uboho. Wote watatu wakatazama juu.

"Paa," alisema mzee Khazir.

Kule nje vijana wa kukodiwa walikuwa wakipita na masepetu yao ya mbao, wakiita nyumba kwa nyumba: "Theluji! Tunashusha theluji!" Taja akafungua dirisha, akawaita. Wakataja bei. Taja akataja yake, akaongeza mchele, akaongeza na chai na mikate.

Mkubwa wao alicheka. "Mama, mwanao yuko Kalkata anakusanya noti, na wewe unatupa bei ya enzi za babu yangu?"

"Mwambie azitume kwa simu!" mwingine akadakia. "Si wewe ndiye mwenye simu? Kila Ijumaa unailinda kama yai!"

Wakacheka, si kwa chuki, ni vijana tu na miguu yao ilikuwa na baridi. Taja alibaki ameshika mbao za dirisha. Kisha akalifunga polepole, na alipogeuka hakumtazama yeyote.

Mzee Khazir alikuwa ameanza kuvaa viatu. Alivaa kimoja. Alipoinama kuvaa cha pili kikohozi kikamshika, kikamkunja, kikamwachia ukutani akihema. Alikaa akikitazama kile kiatu cha pili.

"Vua, baba," Zarifa alisema. "Vua, nitapanda mimi."

"Mwanamke kwenye paa? Nyumba yangu?"

"Paa halijui."

"Watu watasema," alisema mzee.

"Waache waseme," Taja alijibu. Alikuwa ameshafunga joho lake kiunoni kwa kamba na kujizungushia shali kichwani. "Wakimaliza kusema waje na masepetu. Mkamwana, shika kamba hii. Tunapanda wawili."

*

Walitokea kwenye dirisha la darini, kila mmoja na kamba kiunoni, na ncha za kamba zimefungwa kwenye nguzo. Mzee Khazir alikaa darini karibu na dirisha akiwa na kangri, akitoa amri.

"Kateni vipande, kama mnakata sabuni! Mkishusha huku, shusheni na kule! Paa lisielemee upande mmoja! Msiguse bati kwa ncha!"

"Tumesikia!" Taja alijibu. "Tuachie pumzi za kufanyia kazi!"

Theluji ya juu ilikuwa unga, ya katikati ilikuwa kama wali uliolala, na ya chini, iliyokwisha kushikana na bati, ilikuwa nzito kuliko sufi iliyolowa. Unachoma sepetu, unainamia, unasukuma. Donge linateleza, linanguruma, linaanguka uani kwa mshindo unaotikisa meno. Unarudi. Unachoma tena. Zarifa aliacha kuhisi vidole, kisha akaanza kuvihisi, na hapo ikawa vibaya zaidi.

Ng'ambo ya njia wanaume wawili walisimama kwenye paa lao, wakatazama, wakageuza nyuso. Rahti aliyekuwa uani kwake akachukua nafasi.

"Wee Taja! Unatafuta nini huko juu?"

"Natafuta mwanamume wa kunisaidia! Kutoka huku naona mbali!"

"Umemwona?"

"Naona makofia tu! Ndani ya makofia hamna kitu!"

Rahti alicheka hadi akashika ukuta. Mmoja wa wale wanaume akakohoa, akaanza kukwangua paa lake mahali palipokwisha kukwanguliwa.

Walipomaliza nusu, wakakaa juu kabisa, kwenye mgongo wa paa, kila mmoja mguu huku mguu kule, wamepeana migongo ili upepo usiwapige. Jasho lilikuwa linageuka baridi ndani ya nguo. Kutoka pale kijiji kilionekana kama vitu vilivyofunikwa shuka na mtu aliyehama. Nyayo za mbweha zilipita juu ya paa la Rahti, moja mbele ya nyingine, zimenyooka kama mshono wa cherehani. Kunguru wawili walikuwa wakigombea kitu chekundu kwenye banda lililobonyea. Mbali, ukingoni mwa msitu, kitu cha rangi ya kahawia kilisogea.

"Mama. Tazama kule."

Alikuwa hangul, kulungu wetu wa milimani, jike, na nyuma yake mtoto wake wa mwaka ule. Walikuja wakizama hadi kifuani, wakisimama kila hatua. Kwa kawaida hawa huwaoni, unaona mavi yao tu na magome ya miti waliyoyabandua. Wakapita bustani ya matufaha, wakapita ukuta uliozama kana kwamba haukuwahi kujengwa, wakaingia uani kwa Khazir.

Uani palikuwa na mti mmoja mkubwa, na juu ya panda zake familia ilikuwa imefunga majani makavu ya mpunga, chakula cha ng'ombe cha baridi yote. Huwekwa huko juu makusudi, yasifikiwe. Lakini theluji waliyoishusha wao wenyewe tangu asubuhi ilikuwa imerundikana chini ya mti ule. Yule jike alilitazama rundo. Akaligusa kwa ukwato. Kisha akalipanda kama mtu anayepanda ngazi, akainua shingo, akavuta fungu la kwanza.

"Tumemjengea ngazi!" Zarifa alishika sepetu, akainuka. "Wee! Toka! Mama, hayo ni majani ya ng'ombe wetu!"

"Kaa."

"Atayamaliza!"

"Kaa, mwanangu. Hatayamaliza. Huyu hajala siku nyingi, ndiyo maana haogopi watu."

Zarifa akakaa. Safari hii walikaa bega kwa bega, wakitazama chini. Jike alikula haraka, akitupa jicho kila upande, na majani aliyoyaangusha yakaokotwa na mtoto. Masikio ya yule mtoto yalikuwa na barafu nchani. Kila akitafuna, yalitikisika.

"Na dume lao liko wapi?" Zarifa aliuliza.

"Limekwenda Kalkata," alisema Taja, "kuuza shali."

Lilimtoka tu. Zarifa aligeuka kumtazama, kisha kicheko kikamshika tumboni, na Taja naye kikamshika, wakacheka wote wawili wamefunika midomo wasije wakamshtua mnyama, mpaka paa likatikisika kidogo na mzee Khazir akapiga kelele darini kuuliza kuna nini. Kicheko kilipoisha, Taja alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya shali, na hakuacha kujifuta.

Kule chini, kwenye barabara kuu, mtambo wa kufagia theluji ulianza kunguruma. Ulikuwa mbali bado, lakini ulikuwa unakuja. Barabara ikifunguka, Hilal angefika. Wote wawili waliusikia.

"Mama," Zarifa alisema taratibu, "sitaki kugombana. Mikono yangu imechoka hata kugombana siwezi. Kaka yangu yuko njiani, na sina la kumwambia. Nilipe deni langu. Manzur anasemaje?"

Taja aliitazama mikono ya Zarifa iliyopasuka, akaichukua, akaitia ndani ya joho lake mwenyewe, juu ya tumbo lake, mahali palipokuwa na joto kidogo. Alijua vizuri kwamba ana maneno ya kumbakiza. Milozi ikichanua, alishayasema mara moja, yangetosha tena. Alijua pia nyumba itakavyokuwa, mzee na ng'ombe na yeye, theluji nyingine ikija. Aliivuta ile mikono karibu zaidi.

"Hasemi kitu," alisema. "Tangu aondoke hajapiga hata siku moja. Nakaa pale dukani mpaka Sula anafunga. Zile salamu, mwanangu, zote zilikuwa zangu."